Na Mashine Yake?

Umeme ulikatika saa tatu usiku na dakika chache, wakati uso wa mwigizaji Christopher Reeve ukiwa umejaa kioo kizima cha televisheni. Alikuwa ameketi katika kiti cha magurudumu mbele ya dirisha, mpira wa mashine ya kupumulia ukiwa umeunganishwa shingoni, macho yake yakitazama jengo la ng'ambo. Mimi nilikuwa katikati ya sentensi, kwa maana nilikuwa nikimtafsiria kaka yangu maneno ya filamu ile kutoka Kiingereza, kama wanavyofanya watafsiri wa vibanda vya video. Ghafla chumba kikawa giza, feni ikapunguza mwendo hadi ikasimama, na upepo wa Dodoma, ule wa mwezi wa nane unaobeba vumbi, ukabaki peke yake ukitikisa bati.

Kaka akauliza, "Na mashine yake?"

Nilimjibu kwa haraka kwamba ile ni filamu, kwamba ilitengenezwa mwaka 1998, na kwamba umeme wa mtaa wetu hauna uhusiano wowote na mashine ya mtu wa Marekani. Nilikuwa napapasa kitandani nikitafuta simu niwashe tochi. Kaka alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Najua ni filamu, mdogo wangu. Lakini yule haigizi kupooza."

Swali lake limenikaa kifuani kwa wiki sita.

## Uani

Filamu ile ni toleo jipya la *Rear Window* ya Alfred Hitchcock, iliyotoka mwaka 1954. Hiyo ya awali sitaisimulia yote hapa, kwa sababu hata wasioitazama wanakijua kisa chake: mpigapicha aliyevunjika mguu, dirisha, ua, na jirani ambaye mkewe alionekana jana na leo haonekani. Nilimwonyesha Kaka filamu hiyo kwanza, siku mbili kabla ya ile ya Reeve, ili apate cha kulinganisha. Nilipomtafsiria jina lake nilisema "Dirisha la Uani", na papo hapo akaielewa kuliko nilivyoielewa mimi nilipoitazama mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa chuo. Sisi tulikulia katika nyumba ya kupanga, vyumba vinane vikizunguka ua mmoja, bomba moja na choo kimoja, ambamo ulijua nani kapika nini kwa harufu na nani kagombana na nani kwa namna sufuria zilivyotuliwa chini. Kwa Kaka, Hitchcock alikuwa amejenga nyumba ya kupanga.

Na kwa kweli aliijenga. Ua ule unaoitwa wa New York ulisimamishwa wote ndani ya studio ya Paramount kule Hollywood, ukiwa na makazi 31 yanayotazamana, na kamera karibu muda wote haitoki katika chumba cha mpigapicha. Muziki nao, mara kisa kinapoanza, unatufikia kutoka kwa majirani wenyewe, kwenye redio zao na kwenye piano ya mtunzi wa nyimbo anayehangaika na wimbo usiokwisha. Tunasikia kama anavyosikia mtu aliyelala kitandani mchana: nusu nusu, kwa mbali, bila kuchagua.

Kuna tukio moja ambalo Kaka aliniomba nilirudishe mara mbili. Mbwa wa majirani fulani ameuawa uani usiku, na mwenye mbwa anatoka juu akilia, akiwaambia wote kwenye madirisha yao kwamba hawajui maana ya neno jirani, kwamba majirani hupendana, huzungumza, hujali kama mtu yu hai au amekufa. Watu wote wanatoka kutazama. Ni mmoja tu asiyetoka, anayebaki ndani ya giza, na kinachoonekana ni ncha ya sigara yake ikiwaka na kufifia.

Kaka alisema, "Huyo mama kasema kweli," na hakusema zaidi.

## Mguu una tarehe

Nilikuwa nimeitazama filamu ya 1954 mara nyingi bila kuona jambo ambalo Kaka aliliona ndani ya nusu saa ya kwanza. Mpigapicha yule, anayeigizwa na James Stewart, amebakiza wiki moja plasta ifunguliwe. Hasira zake, uchovu wake, hata udaku wake, vyote vinapimwa kwa kalenda. Filamu inapokwisha amevunjika mguu wa pili na watazamaji wanacheka, kwa sababu mguu wa pili nao una tarehe yake ya kupona. Hofu ya filamu ile ni kubwa, lakini inakaa juu ya sakafu imara: tunajua kwamba mtu huyu atasimama.

Kaka aliumia mwaka 2017, bodaboda aliyopanda ilipogongwa kwenye barabara iendayo Singida. Hakuna daktari aliyewahi kumpa tarehe.

Mwandishi wa hadithi fupi iliyozaa filamu hiyo, Cornell Woolrich, aliichapisha mwaka 1942, na katika hadithi yake alificha kwa nini msimulizi haondoki dirishani. Msomaji anaambiwa habari ya mguu mwishoni, daktari anapokuja kuondoa plasta. Kwake, kutotembea kulikuwa siri ya kumshtua msomaji. Kisha maisha yakamfuata. Woolrich alikatwa mguu baada ya kidonda alichokipuuza kuoza, na akafariki mwaka 1968. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi usiku ninapomgeuza Kaka, maana hugeuzwa kila baada ya saa mbili ili ngozi isichubuke: kwamba aliyebuni mtu asiyeweza kuondoka dirishani alimaliza siku zake akiwa na mguu mmoja.

Ndipo anapokuja Reeve. Tarehe 27 Mei 1995, katika mashindano ya farasi huko Culpeper, Virginia, alitupwa na farasi aliyegoma kuruka kiunzi, akaangukia kichwa na kuumia pingili ya kwanza na ya pili za shingo. Alikuwa na umri wa miaka 42, na dunia nzima ilimjua kwa kuruka angani akiwa Superman. Neva zinazoendesha msuli wa kupumulia hutoka katika uti wa mgongo kati ya pingili ya tatu na ya tano ya shingo, kwa hiyo aliyeumia juu ya hapo hupoteza hata pumzi yake. Kaka aliumia pingili ya sita. Umbali baina ya jeraha lake na la Reeve hauzidi urefu wa kidole, na ndani ya umbali huo mdogo ndimo ilimo tofauti ya mtu anayepumua mwenyewe na mtu ambaye umeme ukikatika swali la kwanza ni lile aliloliuliza Kaka gizani.

## Niliidharau

Nikiri kwamba nilikuwa nimeiandikia filamu ya pili hukumu kabla ya usiku ule. Ilirushwa na kituo cha ABC tarehe 22 Novemba 1998, ikiongozwa na Jeff Bleckner, na ukiilinganisha na kazi ya Hitchcock kwa kipimo cha ufundi inapwaya. Reeve anaigiza mchoraji wa ramani za majengo aliyepooza kwa ajali ya gari, anayeishi katika nyumba inayotii sauti yake. Ng'ambo ya dirisha yupo mchongaji wa sanamu anayempiga mkewe. Ule umati wa maisha madogo madogo, mwanamke mpweke anayeandaa meza ya watu wawili, maharusi wasiofungua pazia, mtunzi na piano yake, umepungua mno. Hitchcock alimpa kila jirani swali lake kuhusu ndoa, na mpigapicha aliyeogopa kuoa alikuwa akitazama majibu ya swali lake mwenyewe katika kila dirisha. Toleo la 1998 limebakiza dirisha moja lenye maana.

Shaka yangu nyingine ilikuwa nzito zaidi. Nilihisi kwamba kituo cha televisheni kilikuwa kinauza msiba wa mtu, kwamba watu wangewasha televisheni zao kuona Superman asiyetikisika, na taharuki ingekuwa kisingizio tu. Mtu anayeishi na mgonjwa nyumbani huzijua vizuri nyuso za wageni wanaokuja "kumjulia hali" huku macho yao yakitembea kutoka kwenye miguu hadi kwenye mfuko wa mkojo. Sikutaka Kaka alazimike kuwa mgeni wa aina hiyo kwa mtu mwingine.

Jambo la kwanza lililoniyumbisha ni kwamba Reeve mwenyewe alikuwa miongoni mwa watayarishaji wakuu wa filamu hiyo. Hakuchukuliwa akawekwa pale. Alisema wazi kwamba alihofia kama sauti na uso pekee vingetosha kubeba kisa, na waigizaji wenzake walipompa tuzo ya chama chao mwaka 1999 walikuwa wanajibu hofu hiyo. Sehemu kubwa ya mwanzo wa filamu, ambayo niliwahi kuiona ndefu na isiyohusiana na mauaji, ni ya mtu anayejifunza upya kuishi: wahudumu, mashine, kiti, aibu ya kulishwa. Ninaamini sasa kwamba kwake hiyo ndiyo iliyokuwa filamu, na mauaji ndiyo yaliyokuwa ruhusa ya kuionyesha.

## Kutafsiri pumzi

La pili nililigundua kwa kinywa changu.

Kutafsiri filamu kwa sauti ni kazi ya kukimbizana. Stewart na Grace Kelly, anayeigiza mpenzi wake, wanazungumza kwa kupishana, mmoja anaingia kabla mwingine hajamaliza, na yule muuguzi anayekuja kumkanda mgonjwa ana ulimi usiopumzika. Nilikuwa nachelewa sentensi mbili nyuma yao, nikaruka mizaha mingine kabisa. Kwa Reeve sikuchelewa hata mara moja. Anasema maneno machache, anangoja mashine impe pumzi, kisha anaendelea, na katika kila kituo nilipata nafasi ya kumaliza sentensi yangu kwa Kiswahili. Baada ya dakika ishirini nilibaini kwamba nilikuwa napumua pamoja naye. Kaka naye alikuwa hivyo hivyo, na sijawahi kumwona akitazama kitu kwa utulivu ule tangu alipoumia.

Hapo ndipo niliposhika kwamba hofu ya filamu hii haikai mahali ilipokaa hofu ya Hitchcock. Katika filamu ya 1954 macho yetu yako ng'ambo: nini kimo ndani ya sanduku, kwa nini bustani imefukuliwa, mke yuko wapi. Muuaji anapofika chumbani, mpigapicha ana mikono. Anampofusha kwa mwanga wa taa za kamera, mmoja baada ya mwingine, akinunua sekunde. Katika filamu ya 1998 jambo la kutisha limo chumbani tangu mwanzo, limeketi kwenye meza ndogo kando ya kitanda, linavuma taratibu. Muuaji si lazima awe na kisu. Inatosha mpira uchomoke na asiwepo wa kusikia.

Sijasema kwamba filamu ya pili ni bora, na sitasema. Nasema inajua jambo ambalo ya kwanza haikuhitaji kulijua.

## Sikuwa nimeeleza yote

Usiku ule, baada ya Kaka kuuliza habari za mashine, hatukuwasha taa mara moja. Feni ilikuwa imenyamaza, televisheni imenyamaza, na ndani ya kimya hicho tukasikia kilio kutoka uani kwa jirani anayepakana nasi kwa ukuta wa tofali. Kilikuwa kilio cha kubanwa, cha mtu aliyejifunika mdomo kwa nguo.

"Umesikia?" Kaka aliuliza. "Ndicho ninachokuambia kila siku."

Alikuwa ameniambia mara tatu katika mwezi huo kwamba binti wa kazi wa nyumba ile anapigwa. Mimi naondoka alfajiri kwenda kazini Mtumba na kurudi jua likizama, na mtaa wetu wa leo si ule wa vyumba vinane na bomba moja. Kila aliyehamia Dodoma amejenga ukuta na geti, na tunajuana kwa rangi za mageti. Nilimjibu Kaka maneno ambayo ningelipa chochote kuyarudisha. Nilimwambia, "Filamu imekuingia, Kaka. Lala."

Katika filamu ya Hitchcock yupo rafiki wa mpigapicha, askari wa upelelezi, anayesikiliza kila ushahidi kwa tabasamu na kuupangua kwa maelezo ya kawaida: mke kasafiri, sanduku ni la nguo. Nimemchukia mtu yule tangu chuoni. Anaonekana mwerevu, ana kazi, ana miguu, anatoka na kuingia, na kwa sababu hiyo anadhani anaijua dunia kuliko mtu aliyeketi.

Siku kumi baadaye Kaka aliniambia kwamba anayefagia uani kwa jirani si yule binti tena. Nilimuuliza amejuaje wakati dirisha lake haliufikii ua wote. Alisema binti hufagia mfululizo, fyu, fyu, fyu, toka mlangoni hadi kwenye karo bila kupumzika, na kwamba anayefagia sasa anasimama kila baada ya mifagio michache kama mtu asiyezoea kuinama. Tangu Jumanne. Nilikumbuka namna Grace Kelly anavyojenga hoja yake juu ya mkoba na pete, kwamba mwanamke hasafiri akaacha pete yake ya ndoa nyumbani. Huo ni ushahidi wa aina ile ile, ushahidi wa mtu anayejua mambo madogo kwa sababu amepewa madogo pekee.

Jioni ile nilikwenda kwa mjumbe wa mtaa wetu.

## Chunga, chungulia, chunguza

Lugha yetu imeweka karibu karibu maneno matatu ambayo filamu hizi mbili zinayahangaikia. Kuchungulia ni udaku, ni jicho kwenye upenyo wa pazia. Kuchunguza ni kazi ya askari na daktari. Wengi wanaoiandika filamu ya Hitchcock husimamia hapo: je, mpigapicha anachungulia au anachunguza, na je, kugundua muuaji kunasafisha dhambi ya kuchungulia? Swali hilo ni zuri, na filamu haiachi kuliuliza. Yule muuguzi anamwambia mapema kabisa kwamba watu wangefanya vyema kutoka nje ya nyumba zao na kujitazama wao wenyewe ndani.

Nilipomuuliza Kaka kama haoni vibaya kusikiliza ya watu, alifikiri kwa muda mrefu. Alikuwa mchungaji wa ng'ombe wa babu yetu kila likizo, huko kijijini, kabla ya mambo yote haya. Akanijibu, "Mimi nachunga tu." Anayechunga hapepesi macho kutafuta siri ya mnyama. Anahesabu. Anajua yupi anachechemea, yupi hajarudi, na kwa sababu yeye amekaa, wengine wanatembea.

Neno hilo la tatu silioni katika filamu ya 1954, ambayo shujaa wake anasubiri plasta ifunguliwe arudi kwenye safari zake. Nadhani naliona katika uso wa Reeve. Mtu wake hakuchoka na nyumbani; nyumbani ndiko alikobakiziwa, na mwanamke anayepigwa ng'ambo ni mtu wa mwisho ambaye anaweza bado kumfaa kitu.

## Upande wa pili wa ukuta

Mjumbe wetu ni mzee wa Kigogo asiyeharakishwa. Alibisha geti la jirani, akasalimu "Mbukwenyi" kama mtu aliyekuja kuomba maji, akaomba kumwona binti. Alitoka. Mkono mmoja ulikuwa umefungwa kwa kipande cha khanga, umevimba hadi vidoleni. Sitaeleza zaidi habari zake, kwa kuwa ni zake, ila yu hai, suala lake lilipelekwa kwenye dawati la jinsia na watoto, na shangazi yake alikuja kumchukua kutoka Manyoni. Namba ya simu ya huduma kwa mtoto, 116, niliifahamu siku zote. Imebandikwa hata katika ofisi tunayofanyia kazi. Sikuwahi kuipiga.

Nikiwa nimesimama kwenye ule uani nisiowahi kukanyaga, mjumbe akizungumza na wenye nyumba, niligeuka nikatazama upande wa kwetu. Juu ya ukuta, katikati ya nondo za dirisha, ulionekana uso wa kaka yangu. Uso tu. Mwili wote ulikuwa umefichwa na ukuta, kwa hiyo usingejua kama mtu yule amesimama, ameketi au amelala. Alikuwa anatutazama bila kupepesa, na mimi, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kumlisha na kumgeuza, nilimwona kama anavyoonekana na mtu anayemwogopa.

Binti naye alikuwa anatazama huko huko. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Yule kaka ndiye anayeimba usiku?"

Sikujua kwamba Kaka huimba usiku.

## Jumamosi

Hatukuwa tumeimalizia filamu. Tangu umeme ulipokatika, flashi ilikaa juu ya kabati, na hakuna aliyeitaja. Jumamosi iliyopita Kaka aliniomba niiweke. Kwanza akaniomba nisogeze kitanda hatua moja kulia, ili dirisha libaki wazi upande wake hata televisheni ikiwa inawaka, na nipunguze sauti kuliko kawaida. Nilifanya hivyo. Mwisho wa filamu sitausimulia, wapo ambao hawajaufikia.

Tulianzia pale pale tulipoachia, kwenye uso ule uliojaa kioo. Reeve alikuwa anangoja mashine impe pumzi ya kusemea. Tukangoja naye, kisha akasema, nikaanza kutafsiri.